Kosa Lililo Salama kwa Mdhibiti

Tarehe 9 Mei 2008 wakuu wa IndyMac, benki ya akiba yenye makao yake Pasadena, California, walifanya kikao kwa njia ya simu na wakaguzi wao wa hesabu pamoja na mkurugenzi wa kanda ya magharibi wa Ofisi ya Usimamizi wa Benki za Akiba, OTS. Hesabu za robo ya kwanza ya mwaka, zilizofungwa tarehe 31 Machi, zilikuwa zimefanyiwa marekebisho, na marekebisho hayo yaliushusha uwiano wa mtaji chini ya asilimia 10. Hicho ndicho kiwango kinachoitenga benki iliyo katika daraja la juu la mtaji na zile za daraja linalofuata. Mwezi huo wa Mei kampuni mama ilikuwa inaingiza dola milioni 50 katika benki. Ombi lilikuwa kwamba dola milioni 18 kati ya hizo ziandikwe kana kwamba ziliingia kabla ya Machi kwisha. Mkurugenzi alikubali.

Asiyezoea hesabu za mabenki anaweza kudhani hili lilikuwa suala la karani na daftari lake. Ila chini ya sheria ya mwaka 1991 benki ikiteremka kutoka daraja la juu hairuhusiwi tena kupokea amana zinazoletwa na madalali bila kibali cha Shirika la Bima ya Amana, FDIC, na IndyMac iliishi kwa kutegemea amana za aina hiyo. Kubadilisha tarehe moja kuliipa wiki tisa. Tarehe 11 Julai FDIC iliichukua benki hiyo ikiwa na mali ya dola bilioni 32. Wateja wapatao 10,000 walikuwa na fedha zilizozidi kiwango cha bima, jumla yake karibu dola bilioni 1, na mfuko wa bima wenyewe ukapata hasara iliyopita dola bilioni 10.

Anguko la benki huelezwa mara nyingi kwa upungufu wa sheria. Hapa maelezo hayo hayasimami. Kiwango cha asilimia 10 kilikuwa kimeandikwa, watumishi waliokijua walikuwepo, na hesabu zilizoonyesha pengo zilikuwa mezani. Kinachobaki kuchunguzwa ni mtu aliyekalia kiti cha uamuzi: alifikaje pale, nani alimpandisha, na kazi yake ya miaka mingi ilikuwa imemfundisha kuogopa nini. Mkurugenzi huyo aliitwa Darrel Dochow, na jina lake lilikuwa limekwisha kuingia katika kumbukumbu za Bunge la Marekani miaka 19 kabla, kwa jambo la jamii hiyo hiyo.

Mzizi uko katika miaka ya 1980. Benki za akiba za Marekani zilikuwa zikikusanya amana za watu wa kawaida na kukopesha wanunuzi wa nyumba kwa riba isiyobadilika, aghalabu kwa miaka 30. Riba ya soko ilipopaa mwishoni mwa miaka ya 1970, zilijikuta zikiwalipa wenye amana zaidi ya zilichopata kwa wakopaji, na nyingi zikawa zimefilisika kimahesabu. Kuzifunga kungehitaji fedha ambazo wanasiasa hawakutaka kuziomba. Mwaka 1982 Bunge likazifungulia biashara mpya, zikiwemo za ardhi na majengo ya biashara, huku amana zikiendelea kulindwa na bima ya serikali hadi dola 100,000 kwa kila mteja. Tangu hapo mmiliki mwenye tamaa angeweza kubahatisha kwa fedha za wenye amana: faida ikija ni yake, hasara ikija ni ya mlipakodi. Kati ya wawili hao alisimama msimamizi peke yake, Bodi ya Benki za Mikopo ya Nyumba, chombo cha tangu mwaka 1932.

Edwin Gray aliteuliwa kuiongoza Bodi hiyo mwaka 1983. Alitoka ndani ya sekta yenyewe, alikokuwa akishughulikia uhusiano na umma katika benki ya akiba ya San Diego, na kabla ya hapo alikuwa msaidizi wa Ronald Reagan enzi za ugavana wa California. Wenye benki walimpokea kama mtu wao. Anayepima wadhibiti kwa kusoma wasifu tu angekwisha kutoa hukumu hapo, na hukumu hiyo ingekuwa ya makosa. Machi 1984 Gray alionyeshwa mkanda wa video uliorekodiwa kando ya barabara kuu ya I-30, mashariki ya Dallas. Kamera ilipita safu baada ya safu ya nyumba zilizoachwa nusu, nyingine zikiwa sakafu ya zege tu isiyo na ukuta, mbao zikikunjamana juani. Fedha zilitoka kwa kiasi kikubwa katika benki moja ya mji mdogo, Empire Savings ya Mesquite, ambayo ilifungwa mwezi huo huo. Baada ya hapo mtu wa uhusiano na umma aligeuka kuwa msimamizi mkali kuliko waliomtangulia. Aliweka ukomo kwa benki kununua ardhi na miradi kwa fedha za amana. Aliomba wakaguzi zaidi, na ofisi ya bajeti ya Rais ilipokataa, mwaka 1985 aliwahamishia wakaguzi katika benki za kanda za mfumo huo, ambako mishahara haikufungwa na ngazi za utumishi wa serikali, akaajiri wengine wengi.

Kwa hiyo mahali mdhibiti alikotoka ni ushahidi dhaifu. Ushahidi wenye uzito zaidi ni kile kinachompata akishaamua. Katika hilo mwenendo wa mfanyabiashara Charles Keating ni wa kusoma hatua kwa hatua, kwa kuwa alijaribu karibu kila mlango ambao taaluma ya udhibiti inaacha wazi.

Kampuni ya Keating ilinunua Lincoln Savings ya California mwaka 1984 kwa dola milioni 51. Ukomo wa Gray ulipomgusa, kwanza alitafuta jina. Alimwajiri mchumi mshauri aliyeheshimika, Alan Greenspan, ambaye mapema mwaka 1985 aliwaandikia wasimamizi wa kanda ya San Francisco kwamba uongozi wa Lincoln ni hodari na kwamba benki hiyo iruhusiwe kuvuka ukomo. Miaka miwili na nusu baadaye Greenspan alikuwa mwenyekiti wa Benki Kuu ya Marekani. Kisha Keating alimtafutia Gray mwenyewe ajira, kupitia mtu wa kati, na Gray akakataa. Halafu alipigania mtu wake ateuliwe katika Bodi. Mwishoni mwa mwaka 1986 kiti kimoja kilikwenda kwa Lee Henkel, wakili wa Atlanta aliyekuwa na uhusiano wa kibiashara na Keating, ambaye upesi alipendekeza kanuni ambayo ingeinufaisha Lincoln. Alijiuzulu Aprili 1987 jambo hilo lilipojulikana. Mlango wa mwisho ulikuwa Seneti. Aprili 1987 maseneta watano, Alan Cranston, Dennis DeConcini, John Glenn, John McCain na Donald Riegle, waliwaita wasimamizi wa San Francisco kuwauliza kwa nini ukaguzi wa Lincoln unachukua muda mrefu. Watano hao, kupitia kampeni zao na taasisi walizozisimamia, walikuwa wamepokea takriban dola milioni 1.3 kutoka kwa Keating na washirika wake.

Wasimamizi wa San Francisco hawakurudi nyuma. Mwezi uliofuata walipendekeza Lincoln ichukuliwe. Lakini muda wa Gray ulikuwa umekwisha, na Julai 1987 nafasi yake ilichukuliwa na Danny Wall, aliyekuwa mkurugenzi wa watumishi wa Kamati ya Seneti ya Mabenki. Wall alikuwa amefanya kazi yake kwenye korido za watunga sheria, na hakuwahi kuendesha ukaguzi wa benki. Alichojua vizuri ni kipi kinawaudhi maseneta. Mei 1988 Bodi yake ilichukua hatua isiyo ya kawaida kabisa: iliinyang'anya kanda ya San Francisco mamlaka juu ya Lincoln na kuanzisha ukaguzi mpya chini ya makao makuu, Washington. Mkuu wa usimamizi aliyelibeba jukumu hilo alikuwa Darrel Dochow.

Lincoln ilichukuliwa Aprili 1989, karibu miaka miwili baada ya pendekezo la San Francisco. Katika kipindi hicho matawi yake yaliendelea kuwauzia wateja hati fungani za kampuni mama. Mteja, mara nyingi mzee, alifika dirishani kuweka akiba yenye bima, akaelekezwa kwenye meza ya pili ndani ya jengo lile lile, akatoka na karatasi isiyo na bima yoyote. Walionunua karatasi hizo walikuwa takriban 23,000. Kampuni ilipofilisika, karatasi zao zilikuwa hazina thamani. Kwa mlipakodi Lincoln peke yake iligharimu zaidi ya dola bilioni 3. Katika mgogoro mzima, kati ya 1986 na 1995, benki za akiba 1,043 zilianguka, na gharama yote ilikadiriwa kuwa dola bilioni 160, ambapo walipakodi walibeba zipatazo bilioni 132.

Sasa tufuate watu. William Black, mwanasheria wa San Francisco aliyeandika kumbukumbu ya kikao cha maseneta, alishtakiwa binafsi na Keating kwa madai ya dola milioni 400, na baadaye akaacha udhibiti na kwenda kufundisha. Gray aliondoka akiwa amechafuliwa jina na sekta aliyoisimamia. Wall alijiuzulu Desemba 1989, wakati Bodi ilikwisha kuvunjwa na nafasi yake kuchukuliwa na chombo kipya chini ya Wizara ya Fedha, OTS. Dochow aliteremshwa cheo na kupelekwa Seattle. Alibaki kazini. Polepole, ngazi baada ya ngazi, alipanda tena, na mwaka 2007 alikabidhiwa kanda ya magharibi, iliyokuwa na IndyMac, Washington Mutual, Downey na Countrywide. Yaani mtu ambaye chini ya mamlaka yake benki mbovu kuliko zote za kizazi chake ilipata nafuu aliaminiwa tena kusimamia benki zilizokuwa hatari kuliko zote za kizazi kilichofuata.

Nimejaribu kulitazama hili kwa jicho la kumtetea. Inawezekana kabisa kwamba Dochow alikuwa mchapakazi, na kwamba mtu hapaswi kuhukumiwa maisha yake yote kwa uamuzi mmoja uliofanywa na bodi nzima. Hata tukikubali hayo, swali la taasisi linabaki. OTS ilizaliwa kutokana na maafa ya Lincoln. Kama kulikuwa na somo moja ambalo kila mtumishi wake alipaswa kulijua kwa moyo, ni kwamba kuipa benki inayozama muda zaidi ndiko kunakozidisha hasara. Taasisi iliyokumbuka hivyo isingemweka pale. Kumbukumbu ilikuwa imetoweka, na kutoweka kwake kulikuwa na sababu zinazoonekana.

Ya kwanza ilikuwa fedha. OTS haikupewa fungu na Bunge. Iliendeshwa kwa ada zilizolipwa na benki ilizozisimamia, kwa kadiri ya mali zao. Na chini ya sheria za Marekani benki iliweza kuchagua aina ya leseni, hivyo kuchagua msimamizi. Benki ikichukizwa na msimamizi mmoja ilihama na ada zake. Machi 2007 Countrywide, mkopeshaji mkubwa wa nyumba kuliko wote nchini humo, iliacha leseni ya benki ya kitaifa na kuingia chini ya OTS. Washington Mutual peke yake ililipa kati ya asilimia 12 na 15 ya mapato yote ya OTS. Kuondoka kwa mteja wa namna hiyo kungemaanisha kupunguza wafanyakazi, na kila meneja alilijua hilo bila kuambiwa. Katika barua pepe zilizofichuliwa na uchunguzi wa Seneti, mkurugenzi wa OTS, John Reich, aliitaja benki hiyo kama mpiga kura wake mkubwa kuliko wote, kwa lugha ambayo mbunge huitumia kwa watu wa jimbo lake.

Ya pili ilikuwa uteuzi wa juu. James Gilleran, aliyeshika OTS Desemba 2001, alikuwa amewahi kuwa msimamizi wa mabenki wa jimbo la California na baadaye mkuu wa benki ya biashara San Francisco. Reich, aliyemfuata mwaka 2005, alikuwa mwanabenki kwa zaidi ya miaka 20 na kisha mtumishi wa seneta wa Florida kabla ya kuingia katika bodi ya FDIC. Picha moja ya Juni 2003 inawaonyesha wote wawili, pamoja na wawakilishi wa vyama vitatu vya wenye mabenki, wamesimama nyuma ya rundo la karatasi za kanuni lililofungwa kwa utepe mwekundu. Wanaume wanne wameshika mikasi ya kupogolea miti, Reich akiwa mmoja wao. Gilleran ameshika msumeno wa injini. Wote wanatabasamu. FDIC iliichapisha picha hiyo katika ripoti yake ya mwaka.

Picha ya sherehe si ushahidi wa kosa. Thamani yake ni kwamba ilitolewa hadharani na ofisi zenyewe, na watumishi wa chini waliiona. Mkaguzi wa miaka 28 anayeandika ripoti ngumu juu ya benki kubwa alijua sasa mkubwa wake anataka kuonekana akiwa upande gani. Wakati huo huo Gilleran alipunguza karibu robo ya wafanyakazi wa OTS, kati ya 2001 na 2004, miaka ile ile ambayo mikopo ya nyumba ilikuwa ikifumuka. Walioondoka kwanza walikuwa wenye uzoefu, maana ndio waliokaribia kustaafu na ndio waliohitajika sokoni. Waliokuwa wakikumbuka Lincoln walikwenda nao. Gilleran mwenyewe alipoondoka mwaka 2005 alikwenda kuongoza Benki ya Mikopo ya Nyumba ya Seattle.

Matokeo yanaonekana vizuri zaidi ndani ya mafaili ya Washington Mutual. Kati ya 2004 na 2008 wakaguzi wa OTS waliandika kasoro nzito zaidi ya 500 katika benki hiyo: mapato ya wakopaji yasiyothibitishwa, tathmini za nyumba zilizotiwa chumvi, mikopo iliyotolewa kinyume cha taratibu za benki yenyewe. Macho ya wakaguzi hayakuwa na hitilafu. Hitilafu ilianzia pale ripoti ilipopanda ngazi. Uongozi wa benki uliahidi kurekebisha, ahadi ikaandikwa, faili likafungwa, na mwaka uliofuata mkaguzi aliikuta kasoro ile ile na kuiandika upya. Ilikuwa funika kombe mwanaharamu apite, mwaka baada ya mwaka, kwa maandishi rasmi. Katika miaka hiyo yote alama ya afya ya benki, inayoanzia 1 kwa benki bora hadi 5 kwa iliyo taabani, ilibaki 2. Ilishushwa hadi 3 Februari 2008. FDIC ilipotaka kutuma watu wake na kuona mafaili ya mikopo, OTS iliwabania. Alama ilifika 4 tarehe 18 Septemba 2008. Siku saba baadaye Washington Mutual ilifungwa ikiwa na mali ya dola bilioni 307, anguko kubwa kuliko yote katika historia ya mabenki ya Marekani.

Ni wakati wa kueleza utaratibu wenyewe, kwa kuwa hauhitaji rushwa wala njama. Msimamizi anaweza kukosea kwa njia mbili. Anaweza kuibana benki ambayo ingepona, au kuiachia benki ambayo itakufa. Kosa la kwanza lina mwenyewe na lina siku yake: simu ya seneta inakuja asubuhi inayofuata, wanasheria wanafungua kesi, benki inahamisha leseni, na msimamizi hana namna ya kuthibitisha janga ambalo halikutokea kwa sababu alilizuia. Kosa la pili huchelewa. Likifika, linafika pamoja na makosa ya wengine, na lawama hugawanywa kati ya soko, riba, waandishi wa habari na hofu ya wateja. Mwezi Julai 2008, IndyMac ilipoanguka, OTS ilimlaumu waziwazi Seneta Charles Schumer kwa barua aliyoiandika mwishoni mwa Juni kuhoji afya ya benki hiyo. Habari za dola milioni 18 zilizorudishwa nyuma zilitolewa na mkaguzi mkuu wa Wizara ya Fedha Desemba mwaka huo.

Watumishi wenye akili wakifanya kazi chini ya mizani iliyoinama hivyo, watajifunza. Hakuna atakayewaamuru kulegea. Watawaona waliokaza wakihamishwa na waliolegeza wakirudi kileleni, na watapanga maisha yao kwa kadiri hiyo. Baada ya miaka 10 hivi, wale wasioweza kuvumilia watakuwa wameondoka wenyewe, na wanaobaki watakuwa wakweli wanaposema kwamba hawaoni shinikizo lolote. Hapo ndipo hali inapokuwa ya hatari zaidi, kwa sababu uchunguzi wa kawaida wa maadili, unaotafuta bahasha na zawadi, hautapata kitu.

Gharama ya mwaka 2008 haikubaki Marekani. OTS ndiyo iliyokuwa pia msimamizi wa kundi zima la AIG, kwa kuwa kampuni hiyo ya bima ilimiliki benki ndogo ya akiba, na serikali ya Marekani ilifikia kuahidi dola bilioni 182 kuiokoa. Mtikisiko ulisambaa katika biashara ya dunia, na mwaka 2009 serikali ya Tanzania ilitangaza mpango wa kunusuru uchumi wenye thamani ya shilingi trilioni 1.7, sehemu yake ikiwa kufidia hasara za wanunuzi wa pamba na kahawa ambao bei ziliwaangukia msimu wa 2008/09. Mnunuzi wa pamba wa Shinyanga hakuwahi kusikia jina la OTS.

Dochow aliondolewa kwenye nafasi yake na kustaafu mapema mwaka 2009. Ilibainika kwamba IndyMac haikuwa benki pekee iliyoruhusiwa kurudisha tarehe ya mtaji, na mkurugenzi wa muda wa OTS aliwekwa kando Machi mwaka huo wakati suala hilo likichunguzwa. Sheria ya mageuzi ya Julai 2010 iliifuta OTS, nayo ikatoweka rasmi mwaka 2011. Sehemu kubwa ya watu wake na benki zake vilihamia Ofisi ya Msimamizi wa Sarafu, OCC, ambayo nayo huendeshwa kwa ada za mabenki inayoyasimamia.

Mabaki ya IndyMac yalikuwa na safari yake. Machi 2009 yaliuzwa kwa wawekezaji walioongozwa na Steven Mnuchin, FDIC ikikubali kubeba sehemu ya hasara za mikopo, na benki ikaitwa OneWest. Mkuu wake kuanzia 2010 alikuwa Joseph Otting. Mwaka 2017 Mnuchin akawa Waziri wa Fedha, na Novemba mwaka huo Otting akaapishwa kuongoza OCC, ofisi iliyorithi kazi za OTS. Otting alipoondoka Mei 2020, aliyeshika kwa muda alikuwa Brian Brooks, naye aliwahi kuwa kiongozi OneWest, akitokea safari hii katika kampuni ya sarafu za kidijitali ya Coinbase. Katika miezi yake michache OCC ilifungua milango kwa biashara hiyo. Mwaka 2021 Brooks alikuwa mkuu wa soko la sarafu za kidijitali la Binance.US. Hakuna hatua hata moja hapa iliyovunja sheria, na hilo ndilo linalopaswa kumshughulisha msomaji. Jonathan Gould, aliyethibitishwa kuongoza OCC Julai 2025, alikuwa mwanasheria mkuu wa ofisi hiyo hiyo chini ya Otting na Brooks, kisha akaenda kuwa mwanasheria mkuu wa kampuni ya teknolojia ya sarafu za kidijitali, kisha ofisi ya mawakili, kisha akarudi.

Wapo wanaojibu kwamba mabenki ya leo ni magumu mno kueleweka na mtu ambaye hajafanya kazi ndani yake. Hoja hiyo ina nguvu, na mfano wa Gray unaiunga mkono. Lakini jaribio lake la karibuni halikuenda vizuri. Silicon Valley Bank, yenye mali ya dola bilioni 209, ilianguka tarehe 10 Machi 2023 baada ya wateja kukimbilia fedha zao kwa siku moja na nusu. Mkuu wake, Greg Becker, alikuwa mjumbe wa bodi ya Benki Kuu ya kanda ya San Francisco, yaani taasisi iliyomsimamia, hadi siku ile. Ripoti ya Benki Kuu iliyotolewa Aprili na Michael Barr, aliyekuwa mkuu wake wa usimamizi, ilikuta kwamba wasimamizi walikuwa na hoja 31 za ukaguzi zilizokuwa bado wazi dhidi ya benki hiyo, takriban mara tatu ya benki zilizolingana nayo. Waliona hatari ya riba. Waliona ukwasi dhaifu. Ripoti inaeleza jinsi mwelekeo uliotoka juu, katika miaka ambayo usimamizi uliongozwa na Randal Quarles, aliyetoka katika kampuni za uwekezaji binafsi, ulivyowafanya watumishi kukusanya ushahidi zaidi na zaidi kabla ya kuthubutu kuchukua hatua. Anayelisoma faili la Washington Mutual kisha la benki hii atapata shida kutofautisha aya.

FDIC ilitoa ripoti yake siku hiyo hiyo kuhusu Signature Bank ya New York, iliyoanguka siku mbili baada ya Silicon Valley Bank. Ilikiri kwamba tangu 2020, kwa wastani, karibu asilimia 40 ya nafasi za wakaguzi wa benki kubwa katika kanda hiyo zilikuwa wazi au zimeshikwa na watu wa muda. Kumfundisha mkaguzi wa FDIC hadi apewe cheti cha kuongoza ukaguzi huchukua takriban miaka minne. Januari 2025, baada ya amri ya kusimamisha ajira serikalini, shirika hilo lilifuta barua za ajira za wakaguzi wapya zaidi ya 200. Miezi mitatu baadaye lilipanga kupunguza kiasi cha moja ya tano ya wafanyakazi wake wote, na njia iliyotangulia ilikuwa kuwaomba wenye miaka mingi kazini waondoke kwa hiari.